Mwongozo kamili: jinsi ya kucheza kama skwadi kwenye gemu za mbinu mpaka muache kufa mmoja mmoja

Swali linalorudi kila siku ni lilelile: timu yetu ina watu wenye shabaha nzuri, kila mtu peke yake anaua, ila tukikaa pamoja tunapigwa na watu ambao hata hawatuzidi. Ukiangalia marudio ya mechi zao unakuta tatizo ni moja, watu wanakufa mmoja mmoja. Wa kwanza anaingia anakufa, sekunde sita baadae wa pili anakuja kulipiza anakuta adui kashajaza risasi anamsubiri palepale, anakufa nae, alafu watatu waliobaki wanaanza kulaumiana kwenye maiki. Apo hamjacheza watano kwa watano, mmecheza mmoja kwa watano mara tano.

Kwaiyo humu sitagusa shabaha wala setingi za senstiviti. Nazungumzia kitu kimoja tu: mtu wa timu yenu asife bure, yaani kila akianguka mmoja, aliyemuua aanguke hapohapo. Inafanya kazi kwenye CS2 (Counter-Strike 2), Valorant, Rainbow Six Siege, modi ya bomu ya Call of Duty: Mobile, PUBG, Free Fire, na hata yale makubwa ya watu 50 kwa 50 kama Squad na Hell Let Loose. Pale namba zinapotofautiana nitasema.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Andaa hivi kabla hamjaingia lobi, sio mnaingia alafu ndo mtu anatafuta hedifoni.

- Watu walewale. Ukibadilisha watu wawili kila mechi hamtajenga kitu. Kama gemu ni ya watano na mpo watatu wa uhakika, anzeni na hao watatu.
- Hedifoni yenye maiki kwa kila mtu. Spika za simu au kompyuta zinarudisha sauti ya gemu kwenye maiki na hakuna atakayesikia nyayo.
- Kitufe cha kubonyeza ndo uongee. Maiki iliyo wazi muda wote inaingiza feni, tivii na watu wa nyumbani. Kwenye simu kama kitufe kinakusumbua, basi zima maiki na uiwashe ukiwa na habari.
- Kitufe cha kuweka alama kwenye ramani (pingi) kiwe sehemu kidole kinafika bila kuachia kutembea.
- Ramani mbili tu za kuanzia. Msijifunze zote.
- Daftari au noti kwenye simu ya kuandika mipango. Miwili inatosha, na nitaeleza kwanini.
- Arifa za simu zizimwe. Mnaochezea simu hili sio la hiari, simu ikiingia katikati ya raundi umewaacha wenzio wanne.

## Hatua ya 1: Chagueni kamanda mmoja, na wa pili wake

Kamanda sio lazima awe anayeua sana. Mi naona mara nyingi ni bora asiwe yeye, maana mfungua njia anakufa mapema na kichwa chake kipo kwenye shabaha. Kamanda mzuri ni yule anayeangalia ramani ndogo kila baada ya sekunde chache, hapaniki, na anaweza kusema "tunaenda B" bila kuomba kura (A na B ni majina ya sehemu mbili za kutegea bomu).

Sababu: raundi ya Valorant ni sekunde 100, ya CS2 ni dakika 1 na sekunde 55. Hakuna muda wa mjadala. Mpango wa kawaida ambao watu watano wanaufuata unashinda mpango mzuri ambao wanaufuata watatu, kwasababu wale wawili waliobaki wanaacha matobo ambayo hakuna anayejua yapo.

Wa pili anachukua uongozi kamanda akifa. Mkubaliane kabla, la sivyo kamanda aliyekufa ataendelea kuongoza watu kupitia skrini ya mtu mwingine na atakuwa anapiga kelele kwenye masikio ya wanaosikiliza nyayo.

Onyo: amri ikishatoka inafuatwa hata kama unaona ni mbaya. Kama una wazo lingine liseme kwenye muda wa kununua silaha au raundi ikiisha. Kupinga katikati ya njia ndo kunaleta ile hali ya wawili wako A, wawili B, mmoja kasimama katikati anauliza tunaenda wapi.

Utajua mmefika: kamanda akisema kitu, watu wanajibu "sawa" au wanaanza kutembea, hakuna "kwanini".

## Hatua ya 2: Gaweni kazi, na kila mtu aijue kazi ya mwenzie

Majina ya kazi yanabadilika kila gemu lakini kazi zenyewe ni zilezile:

- Mfungua njia, anaingia wa kwanza. Kazi yake ni kuchukua nafasi na kulazimisha adui ajionyeshe, kuua ni nyongeza.
- Mlipizaji, yuko nyuma yake hatua chache. Huyu ndo mtu muhimu kuliko wote na ndo kazi ambayo hakuna anayeitaka.
- Msaidizi, anarusha flashi (guruneti la kupofusha macho), moshi, anatumia drono (kifaa kidogo chenye kamera cha kupeleleza), anatoa habari.
- Mlinda mgongo, anaangalia mlikotoka na njia za pembeni.
- Kamanda, ambaye anaweza kuwa msaidizi au mlinda mgongo kwa wakati mmoja.

Valorant imeshawagawia kabisa, kuna makundi manne ya wahusika na kila kundi lina kazi yake, kwaiyo watu watatu wote wakichagua wahusika wa kufungua njia basi hakuna wa kuweka moshi na mtavuka sehemu wazi mkiwa mnaonekana. Siege nayo ni hivohivo, kila upande una watu wenye vifaa tofauti na mkichukua watano wote wa kushambulia bila mtu wa kuvunja ukuta ulioimarishwa kwa chuma, mtaishia kuingia kwa mlango mmoja ambao adui kashauweka kwenye skopu (darubini ya bunduki). Kwenye Squad skwadi ni ya watu 9 na bila daktari haidumu, Hell Let Loose ni watu 6.

Kwenye PUBG na Free Fire hamna makundi ya kazi ya namna iyo kwaiyo gaweni kwa silaha na kwa nafasi: snaipa mmoja anayetazama mbali, wawili wa karibu, mmoja wa kubeba moshi na dawa za ziada. Aliyeokota skopu kubwa na sio snaipa aitoe. Hili la kuitoa watu wengi wanalikataa na ndo mwanzo wa kuvunjika kwa skwadi, mtu anatembea na skopu ya x8 kwenye begi haitumii na mwenzie mwenye bunduki ya mbali anatazama kwa macho.

## Hatua ya 3: Tembeeni wawili wawili

Hapa ndo kiini, soma taratibu.

Jozi ni watu wawili ambao mmoja akipigwa mwingine anaweza kumpiga aliyepiga ndani ya sekunde mbili hivi. Kwanini sekunde mbili? Kwasababu adui aliyetoka kuua bado yuko palepale, bunduki imepanda juu kwa mrusho, risasi zimepungua, macho yake yako kwa aliyeanguka, na mara nyingi kashaumizwa na yule aliyekufa. Ukimpa sekunde tano amejaza risasi, amebadili pembe, amepata na pumzi ya kukusikiliza unakuja.

Sasa umbali. Karibu mno, mnakufa wote kwa magazini moja au guruneti moja, na nyie wawili mnazibana njia mwenzio akitaka kurudi nyuma anakugonga. Mbali mno hufiki. Kipimo ninachokiamini ni hiki: unamuona mwenzio, na unaona kona anayoiangalia yeye, lakini adui akimuona yeye hakuoni wewe bado. Ndani ya jengo hiyo inakuwa hatua tatu nne. Kwenye uwanja wazi wa PUBG inaweza kuwa mti mmoja hadi mwingine.

Jinsi ya kufanya:

1. Wa mbele akikaribia kona anasema "natoka".
2. Wa nyuma anaacha kila kitu. Hajazi risasi, hatumii dawa, habadilishi silaha. Bunduki iko juu inaelekea pale, alafu anajibu "niko".
3. Wa mbele anatoka. Akiua, jozi inasonga. Akifa, wa nyuma anatoka hapohapo, haulizi, hasubiri kuambiwa adui yuko wapi maana kashaona risasi imetoka wapi.
4. Wa mbele hatoki kabla hajasikia "niko".

Ile namba 4 ndo inayovunjwa zaidi. Mtu anasema natoka na keshatoka. Neno "niko" lisiposikika simama, hata kama raundi imebaki sekunde 30.

Mkiwa mnalinda, jozi inakaa tofauti kidogo. Msikae pamoja upande mmoja wa chumba, kaeni pembe mbili ili adui akimtazama mmoja ampe mwingine mgongo au ubavu. Na msifyatue kwa wakati tofauti. Mmoja ndo anaanza, mwingine anatulia mpaka adui ageuke kumkabili yule aliyeanza, alafu anampiga kwa pembeni. Mkianza wote kwa papara mmejionyesha wote.

Onyo: kuna tofauti ya mlipizaji na mtu anayemfanya mwenzie chambo. Mlipizaji anatoka ndani ya zile sekunde mbili. Anayebaki nyuma ya ukuta akisubiri adui waumie ndo apate kuua kwa urahisi, huyo anakula namba za wenzie na timu inapoteza, na kwenye jedwali la mauaji ataonekana ndo bora. Muangalieni kwenye marudio, sio kwenye jedwali.

Utajua mmefika: hesabuni vifo vyenu vya mechi nzima na muone vingapi vililipwa papo hapo. Vikizidi nusu mnaanza kuwa skwadi.

## Hatua ya 4: Lugha ya maiki

Habari nzuri ina vitu vitatu na inaenda kwa mpangilio huu: wapi, wangapi, hali gani. "B, wawili, mmoja kaumia." Basi. Mahali panatangulia kwasababu mwenzio anaweza kuanza kugeuka kabla hujamaliza sentensi.

Sio: "oya jamaa ameniua yan uyu alikuwa kajificha pale nyuma ya lile boksi nilikuwa nimempiga sana duh". Ukimaliza hiyo, adui kashahama.

Majina ya sehemu yawe mamoja. CS2 na Valorant zinakuandikia jina la sehemu uliyopo karibu na ramani ndogo, tumieni hayohayo, au mkiamua majina yenu basi kila mtu ayatumie. Kwenye ramani kubwa za PUBG tumia dira iliyo juu ya skrini, "mia na ishirini, nyuma ya jiwe, mmoja", na uweke alama. Usiseme "kulia", kulia kwako sio kulia kwa mwenzio. Usiseme "pale".

Kuhusu hali ya adui, sema ukweli. Ukisema "huyu anakufa" na ulimgusa bega tu, mwenzio atamrukia kwa ujasiri ambao umempa wewe kwa uongo. Kama gemu linakuonyesha ulichompunguzia taja namba. Kama hujui sema "nimemgusa".

Na kuna mambo ambayo hayasemwi raundi ikiendelea: lawama, visingizio, kushangilia kabla adui wote hawajaisha, na mafunzo. Ukiona mwenzio kakosea andika kichwani, mtaongea baadae.

Kwenye Squad na Hell Let Loose kuna chaneli tatu za sauti, ya walio karibu nawe, ya skwadi na ya viongozi. Kamanda wa skwadi anasikia zote kwa pamoja kwaiyo mkipiga porojo kwenye ya skwadi yeye hasikii kwamba kifaru kinakuja upande wenu.

## Hatua ya 5: Pesa na vifaa ni vya timu

Kwenye CS2 na Valorant hii inaua timu kimyakimya. Raundi ya kwanza kila mtu ana 800. Baada ya hapo mnapata kutokana na kushinda, kushindwa na kuua. AK-47 ni 2,700 na AWP (bunduki ya snaipa) ni 4,750 kwenye CS2, bunduki za Vandal na Phantom ni 2,900 kila moja kwenye Valorant.

Kanuni: tununue wote au tusinunue wote. Wawili wakiwa na bunduki nzito na watatu na bastola, mtapoteza raundi hii, na raundi inayofuata wale wawili nao hawana kitu. Bora raundi moja ya kubana (kutonunua) ili inayofuata muingie watano kamili na flashi na moshi. Kamanda anasema "tunabana" au "tunanunua" sekunde za mwanzo kabisa za kununua, na mwenye pesa nyingi anamnunulia mwenzie mwenye kidogo.

Upande wa ulinzi CS2, koleo la kutegulia bomu linauzwa 400 na watu wanalidharau. Bomu linalipuka baada ya sekunde 40. Kulitegua bila koleo ni sekunde 10, ukiwa nalo ni 5. Hizo sekunde 5 ndo raundi nzima saa ingine, kwaiyo wawepo angalau wawili wenye nalo na wasikae jozi moja.

Kwenye PUBG na wenzake: baada ya kuokota vitu simameni sehemu salama kabla ya kusogea, kila mtu ataje risasi na dawa alizonazo. Anayetumia risasi za 5.56 anampa mwenzie zile za 7.62 alizookota. Inachukua nusu dakika.

## Hatua ya 6: Mipango miwili, basi

Andikeni mpango mmoja wa kushambulia haraka na mmoja wa taratibu, kwa kila ramani kati ya zile mbili. Mkiwa na kumi mtasahau nane na kwenye presha kila mtu atakumbuka tofauti.

Kila mpango ujibu maswali haya: nani anatangulia, nani nyuma yake, moshi unaenda wapi na nani anaurusha, flashi ya nani, mlinda mgongo anakaa wapi, na nini kikitokea tunaacha mpango. Hilo la mwisho watu hawaliandiki. Mfano: "tukipoteza mtu kabla ya moshi kuanguka bila kulipiza, tunarudi nyuma tunaenda upande wa pili." Bila mstari huo watu wawili wataendelea na watatu watasita katikati ya njia.

Siege inawapa sekunde 45 za maandalizi na kila mshambuliaji ana drono mbili. Msizipige mbio mpaka zikavunjwa zote. Moja inatafuta bomu liko chumba gani, ikilipata inajificha hai, ya pili ni ya kuangalia chumba mtakachoingia kabla miguu haijaingia. Mwenye drono anaongea, mwenye bunduki anaingia.

## Hatua ya 7: Kuingia

1. Jipangeni kimya. Tembeeni bila nyayo mpaka kila mtu yuko pake. Kamanda anauliza "tayari?", kila mtu anajibu.
2. Moshi kwanza. Unaziba macho ya mbali, hasa snaipa. Subirini ufunguke wote, ukivuka wakati bado unatanuka unaonekana vizuri kabisa.
3. Flashi, na itangazwe. "Flashi, geuka." Inarushwa ilipuke pale kona inapoishia, sio usoni kwa mfungua njia. Flashi inapofusha na wenzio, kwenye CS2 na Valorant zote. Flashi isiyotangazwa ni sawa na kumsaidia adui.
4. Mfungua njia anatoka papo hapo inapolipuka na haangalii nyuma. Anaenda ndani zaidi, hasimami mlangoni. Akisimama mlangoni waliopo nyuma wamekwama.
5. Wa pili anaangalia upande ambao wa kwanza hakuangalia. Wa kwanza kaenda kushoto, wewe kulia. Hii muipange kabla.
6. Mlinda mgongo anabaki. Atatamani kuingia. Abaki.

Onyo kubwa: usisimame kwenye mstari wa risasi wa mwenzio. CS2 ya mashindano na Siege risasi ya mwenzio inaumiza. Valorant risasi haziumizi ila kuna uwezo unaounguza wenzio pia. Ukitaka kupita mbele ya mtu sema "napita" na upite kwa kuinama.

Utajua mmefika: kuanzia flashi ilipuke hadi watu watatu kuwa ndani ni kitendo kimoja, hakuna pengo. Kama kuna mmoja ndani na wengine bado mlangoni, rudieni kwenye ramani tupu mpaka mkae sawa.

## Hatua ya 8: Mkishakuwa mbele, tulieni

Hapa ndo raundi nyingi mlizokuwa mnashinda zinapotea. Mko watano kwa watatu, bomu limetegwa, alafu mtu anaenda kutafuta mauaji. Anakufa. Wanne kwa watatu. Mwingine anaenda kumlipiza akiwa mbali, anakufa. Tatu kwa tatu.

Mkiwa na watu wengi hamtafuti mtu, mnawaacha wao waje. Valorant bomu ni sekunde 45 na kulitegua ni 7, na akifika nusu akaachia kazi yake haipotei, anaendelea na ile nusu iliyobaki. Kwaiyo usimuache hata aguse. Kaeni jozi mbili kwenye pembe mbili tofauti zinazoona bomu, na mkisikia sauti ya kutegua mtoke pamoja kwa hesabu, "tatu, mbili, moja". Mmoja mmoja atawapiga kwa zamu.

Na upande wa kulinda, msikimbilie kelele. Kusikia flashi mbili A sio sababu ya watu watatu kuacha B. Mi nashauri kanuni hii: anahama mmoja tu, mpaka bomu lionekane au waonekane adui watatu. Bomu likionekana ndo wengine wanahama. Mlinzi wa mwisho wa B hatoki hata akichoka kusimama peke yake, na wenzie wasimdharau raundi nne akiwa hajafyatua risasi, ndo kazi aliyopewa.

## Hatua ya 9: Mwenzio akianguka

Kwenye PUBG aliyedondoshwa anaweza kuinuliwa na inachukua sekunde 10. Sekunde 10 umeinama bila bunduki. Kwaiyo mpangilio haubadiliki:

- Kwanza ua au mfukuze aliyemdondosha.
- Pili weka moshi, na usiuweke juu ya mwenzio tu, uweke kati yake na adui, na mwingine pembeni ili adui asijue mko upi.
- Tatu aliyeanguka atambae kuja kwenye kava, asikae palepale akiita.
- Nne ndo uinue, huku wa tatu akilinda.

Mkiwa wawili mmebaki na adui yuko juu ya mlima anawaona, kuna wakati inabidi umuache. Aliyeanguka ndo aseme "niache", inamuondolea mwenzie mzigo. Na akiwa chini bado anaona, aendelee kutoa habari.

## Hatua ya 10: Ukishakufa

Toa habari yako ya mwisho mara moja, wapi, wangapi, hali gani, alafu nyamaza. Kwenye Siege waliokufa wanaweza kuendelea kuangalia kamera na drono, hiyo ni kazi ifanye.

Akibaki mmoja, maiki zote kimya isipokuwa kile anachokiuliza yeye. Anasikiliza nyayo, na sauti ya "nyuma nyuma nyuma" ikiingia wakati adui yuko mbele umemuua wewe. Akiamua kukimbia aokoe AWP yake kwasababu ni mmoja kwa wanne, heshimuni. Raundi ijayo mna 4,750 ambazo hamkutoa.

## Hatua ya 11: Mazoezi na mazungumzo baada ya mechi

Kabla ya mechi za ranki ingieni chumba binafsi dakika 20. Zoezi la kwanza: wawili wanalinda chumba, wawili wanaingia, na ushindi unahesabiwa kwa vifo vilivyolipwa tu, kuua bila jozi hakuhesabiwi. Zoezi la pili: chezeni raundi nzima ambayo kila mtu anaruhusiwa maneno matano tu kwa kila habari. Mwanzoni inaudhi, ila baada ya siku chache maiki inakuwa safi kabisa.

Baada ya mechi chagueni raundi mbili tu mlizopoteza, muangalie marudio. Swali ni moja, nani alikufa bila kulipwa na jozi yake ilikuwa wapi. Jibu liwe la mahali, "nilikuwa mbali nyuma ya gari", sio la tabia, "we huwa husaidii". Mtu akiwa na hasira asiongee siku hiyo, atume ujumbe kesho. Na mkipoteza mechi tatu mfululizo acheni ranki, ya nne mtacheza na hasira na kila kitu cha humu kitasahaulika.

## Ukicheza na watu usiowajua

Huwezi kuwapangia kazi watu wanne wa lobi ya bahati. Unachoweza ni kuwa mlipizaji wa mmoja. Chagua yule anayetangulia kila mara, andika au mwambie "niko nyuma yako", na umfuate kwa ule umbali wa hatua ya 3 raundi mbili tatu bila kudai chochote. Ukimlipiza mara mbili ataanza kukusubiri mwenyewe, na wa tatu ataona mnafanya nini na atajisogeza. Maiki ikiwa imejaa matusi zima sauti za watu, bakiza alama za ramani, wapi na wangapi vinatosha kupita kwenye pingi. Na yule aliyekusubiri kwenye kona, mechi ikiisha mtumie ombi la urafiki kabla hajatoka lobi.